Ofisi inayochemka kila mchana

Pole sana, ndugu. Kwa ulivyoeleza, kiyoyozi kinawaka kutwa, lakini ikifika saa nane mnatoka jasho, na dirisha kubwa linatazama magharibi. Anzia hapo dirishani. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia. Kivuli cha nje, hata kama ni turubai, kinazuia zaidi.

Kisha fungua kifuniko cha kiyoyozi utazame chujio. Likiwa limezibwa na vumbi, lioshe, likauke kabisa, ulirudishe. Kwa kiyoyozi cha kawaida, kushusha nyuzi hadi 16 hakuharakishi ubaridi, kunakula umeme tu. Weka 24 au 25 na feni iwapulizie. Feni humpoza mtu, si chumba, kwa hiyo mkitoka izimeni.

Kikiendelea kutoa hewa ya vuguvugu, au bomba likiganda barafu, kizime umwite fundi. Huenda gesi imevuja, na gesi usiiguse mwenyewe.

Mwenzenu akipata kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni penye joto na mpeni maji. Akianza kuchanganyikiwa, msisubiri: hospitali mara moja.