Kamba amejivua gamba, hataki kula

Swali: Kamba wangu wa maji baridi alijivua gamba juzi. Amejificha, hataki kula. Nilitoe lile gamba? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Usilitoe, ndugu. Atalitafuna mwenyewe, apate chokaa ya kukaza gamba jipya, ambalo sasa ni laini kama utando wa yai. Kufunga siku 3 hadi 5 ni kawaida. Mwekee kipande cha bomba la plastiki ajifiche, na uwahamishe samaki wasimdonoe. Maji ya robine (bomba la nyumbani) yalaze saa 24 kwenye ndoo wazi klorini itoke, kisha badilisha robo tu. Kinachotutia hofu zaidi, hasa katika mji wetu wa shaba, ni shaba yenyewe: waya ndani ya maji, au dawa ya samaki yenye shaba, humuua. Soma lebo kwanza.