Oti-mwitu kwao ni wapi?

SWALI: Katikati ya ngano nimeona majani marefu kuliko ngano yenyewe, yenye masuke yaliyolegea na punje za kahawia zenye ndevu. Jirani yangu anasema ni oti za kawaida zilizopotea shambani. Je, ni kweli, na asili ya majani hayo ni wapi?

JIBU: Jirani yako amekaribia, lakini hajafika. Kwa maelezo yako, hiyo yaelekea kuwa oti-mwitu, ambayo wataalamu huiita Avena fatua. Oti ya kulimwa hushikilia punje zake mpaka ivunwe, ilhali oti-mwitu huzipukutisha moja moja kadiri zinavyoiva, na kila punje hubaki na kovu la mviringo kwenye kitako chake, pale ilipobanduka. Chukua punje kavu yenye ndevu iliyopinda kama goti, uidondoshee maji, kisha uitazame kwa utulivu: ndevu itaanza kujizungusha, na ikikauka itajisokota tena. Kwa kujizungusha huko punje hujipenyeza katika nyufa za udongo, ambamo yaweza kulala miaka kadhaa kabla ya kuota. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa vizuri mwaka huu huweza kuvamiwa tena mwakani.

Asili ya jamii hii ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania pamoja na Asia ya Magharibi, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu. Kutoka huko ilisafiri ndani ya mbegu za nafaka, na leo inasumbua wakulima wa ngano Kanada, Australia na Argentina. Huko California, pamoja na ndugu yake Avena barbata, imetanda vilimani kabisa, mbali na mashamba. Katika nyanda za juu za Ethiopia kuna ndugu mwingine, Avena abyssinica, anayeota ndani ya shayiri na kuvunwa pamoja nayo, na kwa maoni yangu huyo hastahili kuitwa gugu.

Hata hivyo, si kila jani lenye suke la namna hiyo ni oti. Kando ya barabara na kwenye malisho ya Ulaya humea Arrhenatherum elatius, ambalo huishi miaka mingi na vishuke vyake ni vidogo zaidi. Ukiling'oa ukakuta chini ya shina vinundu vilivyopangana kama shanga, ujue ni hilo, ingawa si kila shina huwa navyo.