Ndoto zinapotea nikiamka: mimi ninavyoziandika

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu anaota sinema nzima, anajua kabisa kaota, halafu hadi anashika mswaki hakumbuki kitu. Na ukauliza kama uende kwa mtaalamu "akufungulie". Hela yako iache mfukoni. Naandika ndoto zangu miaka mingi sasa, na kazi yote iko kwenye ile dakika ya kwanza ya kuamka.

Ukiamka usijigeuze. Baki ubavu uleule, macho umefumba, wala usianze kuwaza leo ni siku gani. Shika chochote kilichobaki, hata kama ni hisia tu, kwamba ulikuwa unaona aibu au una haraka, kisha jiulize: kabla ya hapa nilikuwa wapi? Ndoto hurudi kinyumenyume, tukio la mwisho linalivuta lililotangulia. Ukihangaika kutafuta mwanzo, hupati.

Simu iweke mbali. Ukiishika kuzima alamu ukakuta meseji ya mtu anaomba nauli, ndoto ndiyo imeshaenda. Mimi natumia daftari dogo la shule na penseli, maana ukiandika chali wino wa peni hautoki. Taa siwashi. Wapo wanaojirekodi sauti, ni rahisi kweli, ila mchana ukisikiliza unakuta mtu anaguna tu "kuku... babu..." na huelewi alitaka kusema nini.

Usiandike insha. Andika vipande, kama mambo yanatokea sasa hivi. Ukurasa wangu mmoja huu hapa: "Daladala ya Mbagala. Konda ni babu (marehemu), kavaa sare ya shule. Nauli analipwa kuku. Kuku wangu ana simu, inaita, hakuna anayepokea. Nashuka Kariakoo, kumbe ni bweni letu la sekondari. Nanuka mafuta ya taa. Sina hofu, nina njaa."

Maana yake sikuiandika, na hapo nasisitiza. Ukitafsiri huku unaandika, ndoto inajipinda kufuata tafsiri. Babu akitokea tu, mtu kashaandika "wazee wanadai", kuku anakuwa ushahidi, na simu inafutwa kwa sababu haina pa kuingia. Mimi hiyo simu ndiyo naitaka.

Sasa kwa nini zinapotea? Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na watu walioamshwa wakati huo mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Kipindi hicho hujirudia kila dakika 90 hivi, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo kinavyorefuka. Ndiyo maana ndoto ndefu za vituko ni za alfajiri, na anayeamshwa na adhana anazikuta bado mbichi. Humo ndani ubongo unakuwa na noradrenalini, kemikali ya kuuweka macho, kidogo mno, na hiyo inatajwa kuwa sababu mojawapo ya ndoto kutoshika kichwani. Kwa hiyo mkuu, ukilala saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja, umekata sehemu yenyewe, na daftari halitakusaidia. Pombe nayo inaubana usingizi huo mwanzoni mwa usiku, halafu ikipungua mwilini ndoto zinakuja kwa fujo.

Angalia na dawa. Efavirenz, iliyokuwemo kwenye ARV za watu wengi huku kwetu kabla ya kubadilishwa na dawa ya dolutegravir, inajulikana kwa ndoto kali sana, na mefloquine ya kukinga malaria ni hivyohivyo. Kama zako zilianza baada ya kuanza dawa fulani, mwambie daktari, usiiache kienyeji.

Kuhusu kukabwa na jinamizi, kwamba unaamka huwezi kuinua hata kidole: wakati wa kuota misuli hulegezwa kabisa, na safari hiyo akili imewahi kuamka kabla ya mwili. Andika ulikuwa umelalaje. Wengi hukabwa wakiwa chali. Hofu yake si mchezo, lakini; mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje kwa kumwogopa Popobawa, jini anayesemwa kuvamia watu usiku, na wapo watafiti wanaolihusisha tukio hilo na hali hii ya kukabwa.

Ndoto ya kutisha inayojirudia iandike upya mchana, uibadilishie mwisho unavyotaka wewe, kisha ipitie kichwani kabla ya kulala. Hata wataalamu wa tiba hutumia njia hiyo.

Na daftari lifiche. Shemeji yenu alilisoma langu, akakuta nimefunga ndoa na mwalimu wangu wa hesabu ndani ya pantoni ya Kigamboni, nikahojiwa hadi chai ikapoa. Wewe anza Jumapili, siku usiyo na alamu.