Maswali ya Wasomaji: Charlie Sheen alifukuzwa kwa kosa lipi?

Tangu ukurasa huu ulipogusia waigizaji wa Marekani waliowahi kuachishwa kazi tamthilia zao zikiwa bado zinapendwa, barua nyingi zilizotufikia zimekuwa zikimhusu mtu mmoja, Charlie Sheen. Tumechagua nne na kuzijibu kwa pamoja.

*Shikamoo Mhariri. Nimekuwa nikitazama kwenye king'amuzi marudio ya tamthilia ya vichekesho ya Two and a Half Men. Kaka yangu ananiambia kwamba mwigizaji wake mkuu, Charlie Sheen, alifukuzwa kazi kwa sababu ya dawa za kulevya, tena wakati akilipwa kuliko waigizaji wote wa televisheni. Je, ni kweli? Na ni kweli kwamba Sheen si jina lake la kuzaliwa?*
Msomaji, Dodoma

Marahaba. Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo jepesi. Alizaliwa New York tarehe 3 Septemba 1965 na kupewa jina la Carlos Irwin Estévez. Baba yake, Ramón Estévez, ndiye mwigizaji maarufu Martin Sheen, ambaye alijichagulia jina hilo la kazini zamani kabla mwanawe hajazaliwa, na Carlos alipoanza kuigiza naye akalichukua. Kaka yake mkubwa, Emilio Estevez, aliye mwigizaji pia, alibaki na jina la ukoo.

Kuhusu malipo, kaka yako amesema kweli. Kwa mkataba aliousaini Mei 2010, vyombo vya habari vya Marekani vilikadiria kwamba alikuwa akipata karibu dola milioni 1.8 kwa kila kipindi, na hapakuwa na mwigizaji wa televisheni nchini humo aliyemzidi. Ila katika sababu ya kufukuzwa ndipo tunapotofautiana naye, kwa kuwa ukizipanga tarehe utaona kwamba dawa za kulevya, pamoja na mambo mengine mazito kuliko hizo, zilijulikana na kuvumiliwa kwa miaka mingi na wale wale waliokuja kumfukuza.

Sheen alipata sifa akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, katika filamu ya Platoon ya mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaigiza mhusika mkuu katika Wall Street. Kufikia 1990 alikwisha kuingia kituo cha matibabu ya uraibu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1995, katika kesi ya Heidi Fleiss, mwanamke aliyekuwa akiwatafutia matajiri wa Hollywood makahaba, ushahidi wa Sheen ulioonyeshwa mahakamani kwa video ulimtaja kuwa mteja aliyetumia zaidi ya dola 50,000. Mei 1998 alijidunga kokeni kupita kiasi akakimbizwa hospitalini, na kwa kuwa wakati huo alikuwa anatumikia adhabu ya nje chini ya uangalizi wa mahakama kwa kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake, baba yake mwenyewe aliwasilisha taarifa kwa mamlaka ili hakimu amlazimishe kwenda kutibiwa. Martin Sheen, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa wa pombe, alilaumiwa na baadhi ya watu kwa kumshtaki mwanawe. Sisi tunaona kwamba katika mkasa wote huu yeye ni miongoni mwa wachache waliotenda jambo bila kutazama mfuko.

Televisheni ndiyo iliyomwinua tena. Mwaka 2000 alichukua nafasi ya Michael J. Fox katika Spin City, baada ya Fox kujiuzulu kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na kazi hiyo ikampatia tuzo ya Golden Globe mwaka 2002. Septemba 2003 kituo cha CBS kikaanza kurusha Two and a Half Men, iliyobuniwa na Chuck Lorre na Lee Aronsohn na kutayarishwa na kampuni ya Warner Bros. Mhusika wake aliitwa Charlie Harper: mtunzi wa nyimbo fupi za matangazo, mlevi, mpenda wanawake, anayeishi katika nyumba ya ufukweni Malibu pamoja na ndugu yake aliyeachika na mtoto wa ndugu huyo. Hata jina la kwanza halikubadilishwa. Mtazamaji aliyekuwa amesoma habari za Sheen magazetini alicheka mara mbili, kwanza kwa kichekesho chenyewe na pili kwa kumjua aliyekisema, na kwa sababu hiyo kila kashfa mpya, badala ya kuidhuru tamthilia, ilifanya kazi ya tangazo.

Tazama sasa mfuatano wa mambo. Tarehe 25 Desemba 2009 polisi wa Aspen, katika jimbo la Colorado, walimkamata baada ya mke wake wa tatu, Brooke Mueller, kuwaeleza kwamba alimtishia kwa kisu; watoto wao mapacha walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Mei 2010, kesi hiyo ikiwa bado haijaamuliwa, alipewa ule mkataba tulioutaja. Agosti 2010 alikiri kosa dogo la shambulio, mashtaka mengine yakaondolewa, naye akaamriwa kukaa siku 30 katika kituo cha matibabu na kuhudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira. Oktoba mwaka huo polisi walimkuta katika hoteli ya Plaza, New York, chumba chake kikiwa kimeharibiwa. Karibu muda wote huo tamthilia iliendelea kurekodiwa, ukiacha kusimama kwa muda mfupi mapema 2010 alipokwenda kutibiwa, kwa kuwa ndiyo vichekesho vilivyotazamwa zaidi nchini, na vipindi vilivyokwisha kuonyeshwa vilikuwa vikiuzwa kwa vituo vingine kwa ajili ya marudio, biashara ambayo faida yake hupita mara nyingi ile ya maonyesho ya kwanza.

Kilichobadilika mwanzoni mwa 2011 ni mambo mawili. Januari alilazwa hospitalini na urekodi ukasimamishwa ili aende kutibiwa, kwa hiyo maisha yake yakawa yanawapotezea fedha badala ya kuwaingizia. Kisha, tarehe 24 Februari, alizungumza katika kipindi cha redio cha Alex Jones na kumtukana Lorre mbele ya umma, tena akimwita kwa jina la Kiyahudi kwa namna ambayo wengi waliiona kuwa ya chuki. (Lorre naye hakuwa amekaa kimya: kwenye kadi ya maandishi anayoionyesha kwa sekunde moja mwishoni mwa kila kipindi, alikuwa ameandika kuwa yeye hutunza afya yake vizuri, na kwamba Sheen akiishi muda mrefu kuliko yeye, atakasirika mno.) Siku ile ile CBS na Warner Bros. zilitangaza kwamba msimu wa nane umekwisha, ukiwa na vipindi 16 tu, na tarehe 7 Machi wakamfukuza kwa barua ndefu ya wanasheria iliyotaja mwenendo wake wa kujiangamiza na hali yake ya ugonjwa.

Mwenendo uliotajwa katika barua hiyo haukuwa mpya hata kidogo. Kilichokuwa kipya ni urekodi uliosimama bila kurejea msimu ule na bosi aliyetukanwa hadharani, na kwa hoja hiyo tunashikilia kwamba kaka yako amechukua sababu iliyoandikwa kwenye karatasi akaiacha iliyokuwa mezani.

*Bwana Mhariri, baada ya kufukuzwa alifanya nini, na tamthilia ilimmaliza vipi mhusika wake? Hapa kwetu wako wanaoapa kwamba mtu mwenyewe alikufa kwa kugongwa na treni.*
Msomaji, Mombasa

Aliyegongwa na treni ni Charlie Harper, wala si Charlie Sheen. Msimu wa tisa ulifunguliwa tarehe 19 Septemba 2011 kwa mazishi ya mhusika huyo, ambaye ilielezwa kwamba aliangukia njia ya treni ya chini ya ardhi mjini Paris, na nafasi yake ikachukuliwa na Ashton Kutcher akiigiza tajiri wa intaneti anayeinunua ile nyumba. Kipindi hicho kilipata watazamaji zaidi ya milioni 28, na usiku ule ule kituo kingine kilikuwa kikionyesha hafla ambayo wachekeshaji walikusanyika kumkejeli Sheen mwenyewe akiwa ameketi mbele yao.

Yeye, kwa upande wake, aliyageuza masaibu yake kuwa maonyesho. Mwanzoni mwa Machi 2011 alifungua akaunti ya Twitter akapata wafuasi milioni moja kwa saa 25 na dakika 17, jambo lililoingizwa katika kumbukumbu za rekodi za Guinness, na katika mahojiano ya televisheni alijigamba kwamba ana damu ya chui milia. Aprili alianza ziara ya majukwaani mjini Detroit, ambako watazamaji waliolipa viingilio vyao walimzomea hadi mwisho. Wale waliokuwa wakimshangilia mtandaoni walikuwa wakimtazama mtu mgonjwa, na ni vigumu kuyarudia mahojiano yale leo bila kuona haya kwa niaba ya waliokuwa wakimuuliza maswali.

Aliwadai Lorre na Warner Bros. dola milioni 100 mahakamani, shauri likamalizwa kwa maelewano Septemba mwaka huo. Kuanzia 2012 hadi 2014 alikuwa mwigizaji mkuu wa tamthilia nyingine ya vipindi 100, Anger Management, akiigiza mshauri anayewafundisha watu kuzuia hasira zao. Mtu aliyeamriwa na mahakama kuhudhuria mafunzo hayo sasa alilipwa kujifanya mwalimu wake. Two and a Half Men ilipofungwa Februari 2015, Lorre alieleza kwamba Sheen alipewa nafasi ya kurudi wakashindwa kukubaliana, kwa hiyo aliyeonekana mlangoni kwa mgongo kama Charlie Harper ni mtu mwingine, ambaye aliangukiwa na piano. Muda mfupi baadaye piano nyingine ikamwangukia Lorre mwenyewe.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mtoa huduma katika kliniki ya tiba na matunzo. Baadhi ya wateja wetu hutaja habari za Charlie Sheen, wengine wakisema alipona virusi vya UKIMWI kwa dawa za Mexico. Tafadhali tuelezeni ukweli wake.*
Msomaji, Mwanza

Hakupona, na dawa za Mexico hazikumsaidia. Tarehe 17 Novemba 2015, katika kipindi cha asubuhi cha kituo cha NBC, Sheen alitangaza kwamba anaishi na VVU na kwamba aliligundua jambo hilo karibu miaka minne nyuma, alipokuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa na kutokwa jasho usiku hadi akadhani ana uvimbe kwenye ubongo. Daktari wake, aliyeketi pamoja naye, alithibitisha kwamba kwa dawa za kufubaza virusi kiwango chake kilikuwa kimeshuka hadi kutoonekana kwenye vipimo. Sheen alieleza pia kwamba alikuwa amewalipa mamilioni ya dola watu waliomtishia kuitoa siri hiyo, na kwamba anazungumza ili minyororo hiyo ikatike. Tusisahau upande wa pili: alidai kuwa aliwaeleza wenzi wake hali yake, lakini baadhi yao walikanusha na kumfungulia mashauri.

Miezi miwili baadaye, Januari 2016, alikiri katika kipindi kingine cha televisheni kwamba aliziacha dawa na kwenda kutibiwa Mexico na mtu aliyedai kuwa na tiba mbadala. Vipimo vikaonyesha virusi vimerudi kuonekana, naye akarejea kwenye dawa zake. Sehemu hii ndiyo tungependa wateja wenu waelezwe bila kupunguzwa neno, kwa kuwa ni jaribio ambalo wengi hulifanya kimyakimya, wengine kwa kikombe, wengine kwa maombi, na matokeo yake huwa hayo hayo pale dawa zinapoachwa.

Kuna faida moja iliyopimwa. Watafiti wa Marekani walikuta kwamba siku ya tangazo lake watu nchini humo walitafuta habari za VVU kwenye Google mara milioni 2.75 zaidi ya kawaida, na kwamba wiki hiyo mauzo ya kipimo cha kujipima nyumbani kwa majimaji ya kinywani yalipanda kwa asilimia 95 na kubaki juu kwa wiki nne. Kwamba mtu asiyekusudia kumfundisha yeyote chochote aliwafikisha wengi hivyo kwenye kipimo ni jambo ambalo waandaaji wa kampeni za afya wanapaswa kulitafakari, hasa wale wanaotafuta wasemaji wasio na doa.

*Assalamu alaykum. Je, siku hizi yu hali gani, na alipatana na yule mtayarishaji?*
Msomaji, Maskati

Wa alaykumu s-salaam. Anaeleza mwenyewe kwamba hajagusa pombe wala dawa za kulevya tangu Desemba 2017, na kwamba kilichomsukuma ni kushindwa siku moja kumpeleka binti yake mahali alipoahidi, kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kunywa na hakuweza kuendesha gari. Tunaiamini zaidi sababu hiyo ndogo kuliko maelezo makubwa aliyowahi kuyatoa miaka ya nyuma.

Na ndiyo, walipatana. Mwaka 2023 Lorre alimwita katika tamthilia yake mpya, Bookie, aigize kama yeye mwenyewe, katika onyesho la mchezo wa karata unaochezewa kwenye kituo cha waraibu. Miongoni mwa wachezaji mezani alikuwamo Angus T. Jones, yule mtoto wa Two and a Half Men, sasa akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Septemba 2025 Sheen alitoa kitabu cha maisha yake, na wiki hiyo hiyo Netflix ikaonyesha filamu yake ya maisha yenye sehemu mbili, ambamo Denise Richards na Brooke Mueller, wake zake wa zamani, nao walipewa nafasi ya kusimulia waliyoyaona.