Barua kwa mwanangu: saa za kusomea mtihani wa FR

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unataka kufanya mtihani wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, wa taarifa za fedha, ule wa FR (Financial Reporting), katika awamu ya Desemba, na kazi inakushika mchana kutwa. Mwenzako mmoja anasema wiki sita zinatosha, mwingine anasema bila miezi sita usijisumbue. Umwamini nani?

Wote wawili wamekupa muda bila kukupa saa. Anayesoma saa mbili kwa wiki kwa miezi sita amesoma saa 52 tu. Aliyechukua likizo akasoma saa tano kwa siku, siku sita za wiki, kwa wiki sita, ana saa 180. Ndiyo maana ushauri wao haulingani, na kila mmoja huenda anasema kweli kuhusu nafsi yake.

Mimi nakuwekea saa 150, zigawe kwenye wiki 14. Jioni nne za kazi, saa moja na nusu kila moja, ni saa sita. Ongeza tatu na nusu Jumamosi na mbili Jumapili, utapata saa 11 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 14 ni saa 161. Hizo 11 za ziada ni za homa, misiba, na wiki ile ya kufunga hesabu ofisini ambayo hutagusa kitabu. Ratiba isiyo na nafasi ya kuharibika huharibika wiki ya pili. Kwa mtihani wa mwanzoni mwa Desemba, unaanza wiki ya mwisho ya Agosti. Ukirefusha sana zaidi ya hapo, sura ulizosoma mwanzo zinakuwa zimeshafutika kichwani, na unalipa saa nyingine kuzirudia.

Idadi hiyo ni ya mtu ambaye debiti na krediti hazimsumbui. Kama umepewa msamaha wa masomo ya awali kwa sababu ya digrii, jipime kwanza: chukua urari (orodha ya masalio ya akaunti zote), fanya marekebisho ya uchakavu, madeni mabaya na gharama zilizolimbikizwa, kisha toa mizania. Ukikwama, ongeza saa 30 za kurudia misingi kabla ya yote. Msamaha unakuondolea mtihani, haukuongezei ujuzi. Na anayerudia mtihani baada ya kupata 46 au 48, ilhali pasi ni 50, asianze kitabu upya. Saa 70 hivi za maswali kwenye sehemu zilizomwangusha zinamfaa zaidi.

Sasa mgawanyo, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Katika saa 150, kusoma na kusikiliza masomo kusizidi 60. Saa 65 ni za maswali, na 25 za moku, yaani mitihani ya majaribio, na marudio. Usisubiri kumaliza silabasi ndipo uanze maswali. Ukisoma mada jioni moja, maswali yake ni jioni inayofuata, kisha machache tena baada ya wiki moja, na machache baada ya wiki tatu. Video hudanganya: mwalimu anakokotoa, wewe unatikisa kichwa, unadhani umeelewa. Kusoma jibu kabla ya kuandika lako kuna udanganyifu huohuo.

Nikupe mfano. Kampuni mama imeiuzia kampuni tanzu bidhaa za 60,000, ikiweka faida ya 25% juu ya gharama. Mwisho wa mwaka theluthi moja haijauzwa nje ya kundi, yaani mama na tanzu zake. Mikono ya haraka huchukua 25% ya 20,000 na kuandika 5,000. Lakini 20,000 ni bei ya kuuzia, yaani 125%, kwa hiyo faida ya kuondoa ni 20,000 × 25/125, sawa na 4,000. Kisha uangalie nani aliuza: ikiwa ni tanzu, wanahisa wasio na udhibiti (wenye hisa za tanzu ambao si kampuni mama) nao wanabeba sehemu yao ya punguzo hilo, ikiwa ni mama, hawaguswi. Kanuni hii inasomwa kwa dakika tano. Kuiona mara moja ndani ya swali refu, huku saa inakwenda, ni kazi ya maswali kumi au kumi na mawili. Kwa hiyo hesabu za kundi peke yake zipe saa 30. Ukodishaji chini ya IFRS 16 (IFRS ni viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), mapato chini ya IFRS 15 na kodi iliyoahirishwa vinafuata kwa uzito. Kwenye ukodishaji angalia malipo yanafanyika mwanzo au mwisho wa mwaka, maana ndiyo yanayoamua riba inapigwa juu ya salio lipi. Mada ndogondogo zipitie tu, ila usiruke hata moja, kwa sababu maswali mafupi hutoka kila kona ya silabasi.

Mtihani wenyewe ni saa tatu na alama 100, yaani dakika 1.8 kwa alama. Sehemu A ina maswali 15 ya alama mbili, na B ina visa vitatu vyenye maswali matano kila kimoja; kila sehemu inakula dakika 54. Sehemu C ina maswali mawili ya alama 20, dakika 36 kila moja. Kwenye A na B kompyuta ndiyo inayosahihisha na hakuna alama ya njia: umepata mbili au sifuri. Jibu baya halikatwi alama, basi usiache nafasi tupu. Kwenye C njia ina alama, kwa hiyo onyesha hesabu zako, na fanya mazoezi kwenye lahajedwali (spreadsheet) ya kompyuta, si kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo utakayoikuta pale.

Kuna alama nyingi zinazopotea kwenye uchambuzi. Mtu anakokotoa uwiano vizuri, kisha anaandika kwamba faida ghafi imepanda. Msahihishaji ameshaona imepanda. Anataka sababu kutoka kwenye taarifa ya swali: tanzu mpya imenunuliwa katikati ya mwaka, mali zimethaminiwa upya, au mkopo umechukuliwa wiki chache kabla ya kufunga hesabu.

Weka daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu: hukujua kanuni, ulikosea hesabu, au ulisoma swali vibaya. La kwanza linakurudisha kitabuni. La pili linatibiwa kwa mazoezi. La tatu linaomba usome ombi la swali, yaani kile unachotakiwa kufanya, kabla ya maelezo yake.

Moku fanya tatu katika wiki tatu za mwisho, kila moja saa tatu mfululizo, simu imezimwa, kisha tumia saa mbili kuisahihisha. Ukipata chini ya 40 kwenye ya kwanza, acha kabisa kusoma mada mpya na urudi kwenye daftari.

Kitabu kiwe cha mwaka wa mtihani wako. Mwaka wa ACCA unaanza Septemba na kuisha Agosti, na cha rafiki yako kinaweza kuwa na kanuni zilizobadilika.

Usajili wa mapema ni nafuu kuliko wa dakika za mwisho, lakini kabla hujalipa jaza jioni zako halisi kwenye jedwali la wiki 14. Zisipofika saa 130, sogeza hadi Machi. Nitumie jedwali hilo nilione.

Mama yako