Taa ya ABS imewaka baada ya kubadilisha beringi: usinunue sensa kwanza

Mkuu, umesema taa iliwaka siku ileile uliyobadilishiwa beringi ya mbele kushoto ya Toyota yako, mashine ya kusoma hitilafu ikaonyesha C0205, na fundi anakwambia ukanunue sensa, yaani kile kifaa kinachosoma kasi ya gurudumu. Subiri kwanza. Namba hiyo ya hitilafu inataja gurudumu la mbele kushoto, haisemi sensa imekufa. Kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia matairi kufunga unapokanyaga breki) haipati ishara inayoeleweka kutoka kona hiyo, basi. Tatizo linaweza kuwa sensa, waya, plagi, au kile kitu ambacho sensa inakisoma.

Kwa maelezo yako, mimi ningeanza na beringi yenyewe. Magari mengi ya siku hizi hayana ile ringi ya chuma yenye meno inayosomwa na sensa. Mahali pake kuna utepe wa sumaku uliojengwa kwenye sili ya beringi, upande mmoja tu, na upande huo lazima utazamane na sensa. Ikipigwa presi kinyume, gurudumu litazunguka vizuri bila kelele yoyote, ila sensa haitaona kitu. Kuna pia beringi za bei rahisi zenye vipimo vilevile lakini hazina sumaku kabisa. Kabla ya kufunga, sogeza kibanio chembamba cha chuma cha kubania karatasi kwenye sili zote mbili: upande wenye sumaku utakivuta kidogo, mwingine hautakivuta. Tafadhali, ile sumaku ya kuokotea nati ikae mbali na hapo, inaharibu mpangilio wa utepe.

Sasa, kabla hamjafungua tena, mwambie fundi aingie kwenye mashine sehemu inayoonyesha kasi ya kila gurudumu. Mmoja aendeshe taratibu, mwingine atazame. Matatu yakisoma 30 na la kushoto likabaki 0 muda wote, ni beringi iliyogeuzwa, waya uliokatika au sensa. Likisoma vizuri halafu likaanguka 0 mapema kuliko mengine mnapokaribia kusimama, hapo tafuta uchafu, kutu au ufa kwenye ringi au utepe huo. Ufa wa namna hiyo ndio unaofanya pedali itetemeke unaposimama polepole kwenye lami kavu, mara nyingine hata taa isiwake.

Waya ufuate kwa vidole kuanzia kwenye sensa hadi unapoingia ndani ya bodi, hasa karibu na shokapu ambako unakunjwa kila unapokata kona. Wakati wa kupiga beringi huwa unavutwa, shaba inakatika ndani na plastiki ya nje inabaki nzima. Utikise huku mwenzako akitazama mashine.

Kwenye kupima kwa multimita watu wanaua sensa ambayo haikuwa na tatizo. Zile za zamani zenye koili unaweza kuzipima omu (ukinzani wa umeme). Nyingi huwa kati ya 1000 na 2000, na kipimo kizuri zaidi ni kulinganisha na ya upande wa pili. Za kisasa zinalishwa umeme na kompyuta, hizo usizipime omu. Chomoa plagi, zima swichi ya gari, iwashe tena, halafu pima haraka upande wa waya unaotoka kwenye gari: unatafuta karibu volti 12. Haraka kwa sababu baadhi ya kompyuta hukata umeme zikishagundua hitilafu. Umeme usipokuwepo, sensa mpya haitasaidia chochote.

Wakati unahangaika na hili, breki za kawaida zitafanya kazi, ila ukikanyaga kwa nguvu matairi yanaweza kufunga, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele, hasa mvua ikinyesha. Fundi akikwambia atoe balbu ya taa yakaisha, ondoka na gari lako. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya ABS, usiendeshe kabisa. Funua boneti uangalie mafuta ya breki.