Lita ngapi za maji? Sibiloi swali ni la saa

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuko marafiki sita kutoka Nakuru, hakuna aliyefika miaka 35, na kila Jumamosi tunakimbia pamoja. Februari tunakwenda Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi. Siku moja tunataka kutembea kutwa hadi kwenye miti iliyogeuka mawe, turudi kambini jioni. Kila mtu abebe lita ngapi za maji? Anayetuongoza anasema tukimeza parasetamoli na vidonge vya chumvi kabla ya kuondoka, joto halitatugusa.

JIBU: Marahaba. Lita nitazitaja, lakini kwanza mliondoe hilo neno "kutwa", maana ndilo litakalowaumiza. Kila msimu wa likizo naulizwa swali hili hili, na kila mara mtu anahesabu chupa kana kwamba jua humwangusha mwenye kiu peke yake. Kijana wa mwisho kuletwa kwetu na kiharusi cha joto (si kile cha kupooza) alikuwa amekunywa maji njia nzima, na mkobani zilibaki lita mbili. Fulana yake ukiikamua inatiririka jasho. Alikuwa akimfokea nesi amfungulie mlango wa nyumbani kwao. Kipimajoto kilisoma 41.3.

Maji peke yake hayazuii kiharusi cha joto. Msuli unapofanya kazi, kama robo tu ya nguvu unayotumia ndiyo inayokusogeza. Iliyobaki hugeuka joto. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, ambalo ndilo joto la ngozi yenyewe, mwili hauna tena pa kulimwaga joto hilo isipokuwa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Maji unayokunywa ni ya kutengenezea jasho hilo, basi. Ukizalisha joto upesi kuliko jasho linavyoliondoa, utaanguka na tumbo limejaa maji. Nyinyi wakimbiaji ndio ninaowahofia zaidi: mna mwendo, na mnaoneana haya kupumzika.

Sibiloi ina mtego wake. Iko upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Turkana, na upepo wa kusini-mashariki huvuma huko kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi. Unakausha jasho kabla hujaliona. Mtu anajipapasa paji la uso, pakavu, anasema leo joto si kali. Mtazame ukingo wa kofia: chumvi imechora mstari mweupe. Huyo ametoka jasho saa nzima bila kujua. Mchana upepo ukilegea, ardhi nayo inawarudishia joto kutoka chini.

Kwa hiyo ondokeni kunapopambazuka, saa nne asubuhi muwe mmeshakaa kivulini, na msitoke tena hadi saa kumi jioni. Kwenye miti ya mawe fikeni kwa gari, mtembee hapo hapo mkiwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea, na ya siku nzima nyingine yabaki garini. Ziwa msilitegemee, maji yake yana magadi, na mamba ni wengi. Kiu ikija kunyweni, msijinyime kwa kuweka akiba, lakini pia msishindane kunywa. Maji matupu yakizidi huzimua chumvi ya damu, na mtu hutapika, huchanganyikiwa, hata kupata degedege, mkadhani ni jua. Njugu za chumvi na chakula cha kawaida vinatosha.

Sasa hiyo dawa. Parasetamoli hushusha homa kwa sababu wakati wa ugonjwa ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto, nayo hukirudisha chini. Juani ubongo haujapandisha kitu. Unapigania 37 na unashindwa. Kidonge hakina cha kurudisha, na ini, ambalo kiharusi cha joto hulidhuru, linaongezewa mzigo. Vidonge vya chumvi huchafua tumbo, na anayetapika jangwani anamwaga maji aliyoyabeba mgongoni. Anayewapa hivi na kuviita kinga anacheza na maisha yenu. Maneno hayo hayo wanaambiwa vijana wa mjengo, wanariadha, na wanaokwenda Makka. Katika Hija ya 2024 Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, ikasema wengi wao walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Hakuna kidonge kinachosimama badala ya kivuli na kupumzika.

Mwenzenu akianza kuyumba au kuongea ovyo, ngozi iwe imelowa au imekauka, msimtie garini kwanza na msimnyweshe kitu. Mlazeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji yoyote mliyo nayo, hata yale ya kunywa, mmpepee kwa shuka bila kukoma hadi aanze kujibu sawasawa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na hospitali iko mbali. Yule kijana aliletwa mwendo wa saa mbili, madirisha yamefungwa vumbi lisiingie, mtu amemshikia chupa mdomoni. Figo zake zilichukua wiki tatu kurudi.